Fukusi au El Niño: nani aliyazamisha magugu maji ya Ziwa Victoria?

Okota jani la gugu maji pale mwaloni, lile lililonasa kwenye kamba ya mtumbwi, uliangalie kwa karibu. Mara nyingi utakuta vidoa vidogo vyenye pembe, rangi ya chai ya maziwa, kila kimoja kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Usidhani ni ugonjwa. Hizo ni alama za mdomo wa fukusi, mdudu wa nusu sentimita mwenye pua ndefu iliyopinda, ambaye mchana hujibanza kwenye kitovu cha mmea na usiku hutoka kukwangua ngozi ya jani. Sasa pasua kikonyo, lile shina nene lililovimba kama chupa chini ya jani. Ukikuta ndani njia nyeusi iliyooza inayoteremka kuelekea mizizini, hiyo ni kazi ya mtoto wake, funza mweupe asiye na miguu.

Vidoa hivyo na njia hiyo nyeusi ni vielelezo katika kesi ambayo wanasayansi waliibishania kwa miaka. Mwaka 1998 magugu maji yalikuwa yamefikia kilele katika Ziwa Victoria. Makadirio ya ziwa zima yako kati ya hekta 17,000 na 20,000. Kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ilikuwa imetoweka. Ghuba ambazo mtu alikuwa haoni maji zikafunguka, mitumbwi ikapita. Nani alifanya kazi hiyo? Ukiuliza mwaloni, mmoja atakwambia ni mvua za El Niño, mwingine atasema ni wale wadudu walioletwa na serikali, na wa tatu ataikumbuka mashine ya kukatakata majani. Kwa bahati mbaya kwa mpelelezi, wote watatu walikuwepo eneo la tukio.

Naipenda kesi hii kwa sababu karibu kila dhana ya sayansi ya mazingira imo ndani yake, na hakuna hata moja inayokuja peke yake kama inavyokuja kwenye daftari la shule.

Tuanze na ukubwa wa tatizo lenyewe. Hekta 20,000 ni kilomita za mraba 200. Ziwa lina takriban kilomita za mraba 68,800. Kwa hiyo hata wakati wa kilele, magugu hayakufunika hata nusu ya asilimia moja ya ziwa. Mtu wa ofisini akipewa namba hiyo tu anaweza kuuliza kelele zote zilikuwa za nini. Lakini magugu hayajigawi sawasawa juu ya maji. Upepo huyasukuma, nayo hujazana kwenye ghuba na kingo, yaani kule kule waliko watu: bandari ya Kisumu, mialo ya Mwanza, Port Bell, midomo ya mitambo ya umeme pale Jinja. Katikati ya ziwa, ambako hakuna mtu wa kulalamika, maji yalikuwa meupe. Ukisikia wastani wowote wa mazingira, wa mvua, wa joto, wa miti kwa hekta, uliza kwanza umegawanyikaje. Wastani wa ziwa haumsaidii mama anayechota maji kwenye ghuba moja.

Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini, bonde la Amazon. Ua lake la zambarau ni zuri kweli, na ndilo lililoufanya usafirishwe duniani kama pambo la mabwawa. Kwenye Ziwa Victoria ulianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na mto Kagera uliendelea kuleta mizigo mipya kutoka nyanda za juu za Rwanda na Burundi. Unapopata kila unachotaka, unaweza kujizidisha mara mbili ndani ya wiki mbili au hata chini ya hapo. Fanya hesabu: mita mraba moja ya magugu, ikijizidisha mara mbili kila wiki mbili, baada ya nusu mwaka inakuwa zaidi ya mita za mraba 8,000. Baada ya mwaka inakuwa kilomita za mraba 67. Hesabu ni sahihi, lakini ziwani haiendi hivyo moja kwa moja, na pengo kati ya hesabu na ziwa ndilo linalotufundisha. Kitu fulani huubana mmea.

Kitu gani? Chukua mfano wa jikoni. Ukiwa na debe zima la unga na kikombe kimoja cha maji, utasonga ugali wa kikombe kimoja. Kuongeza unga hakutasaidia. Kinachobana ni maji. Mimea iko hivyo hivyo. Gugu maji linataka mwanga, joto, naitrojeni, fosforasi, nafasi tulivu isiyo na mawimbi makali, na lisiwe na wa kulila. Chochote kati ya hivyo kikipungua sana, ukuaji wote hufuata kipimo cha hicho kilichopungua. Ndiyo maana swali la “nini kilisababisha magugu” linadai uangalifu. Mbegu ilisababisha, ndiyo. Lakini mbegu hiyo hiyo ikidondoka kwenye maji maskini haifiki mbali.

Na maji ya Ziwa Victoria yalikuwa yameacha kuwa maskini zamani. Matope ya chini ya ziwa hutuama tabaka juu ya tabaka, na watafiti wakichomoa mcheduara mrefu wa matope hayo wanaweza kusoma yaliyopita: la chini ni la zamani, la juu ni la jana. Matope hayo yanaonyesha kwamba mwani ulianza kuongezeka tangu takriban miaka ya 1930, kadiri mashamba na makazi yalivyopanuka ukingoni mwa ziwa. Rutuba iliingia na udongo uliomomonyoka na maji machafu ya miji, na, jambo linalowashangaza wengi, kwa njia ya hewa pia: sehemu kubwa ya fosforasi ya ziwa hushuka na vumbi na moshi wa mashamba na mapori yanayochomwa. Gugu maji lilipofika lilikuta meza imeandaliwa kwa miaka hamsini.

Lilikuta pia kwamba hakuna wa kulila. Kwao Amerika ya Kusini kuna wadudu walioishi nalo tangu enzi, na huku lilikuja bila wao. Kutokana na wazo hilo wataalamu walifuata aina mbili za fukusi wa jenasi ya Neochetina. Marekani iliwahi kuwaachia Florida kuanzia mwaka 1972, wakiwa wametoka Argentina. Uganda iliwaachia ziwani mwishoni mwa 1995, Kenya na Tanzania zikafuata mwaka 1997.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu mkulima wa migomba wa Bukoba akisikia neno “fukusi” hashangilii. Fukusi wa migomba anamjua. Ameshamlazia migomba chini usiku wa upepo. Kuambiwa kwamba serikali inaleta fukusi wengine kwa makusudi ni habari ya kutisha, na hofu hiyo ilikuwa ya haki. Sangara naye aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na baadaye furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, wa aina nyingi mno wakapotea. Tofauti iko kwenye maswali yaliyoulizwa kabla ya kuachia. Fukusi wa magugu maji walijaribiwa kwa kufungiwa na mimea mingine bila chakula chao cha kawaida. Na jaribio halikuishia kwenye kuuliza kama mdudu anakula. Mwenye njaa huonja hata asichokipenda. Swali la maana lilikuwa kama anaweza kutaga, mayai yaanguliwe, funza wakue na kugeuka wakubwa juu ya mmea huo. Funza wa fukusi huyu hujenga kibweta chake, kile anachogeukia mdudu mkubwa ndani yake, kwenye mizizi ya gugu maji, chini ya maji, akitumia nyuzinyuzi za mizizi hiyo. Mgomba hauwezi kumpa hilo.

Basi, fukusi wakaachiwa. Mwishoni mwa 1997 ikaja El Niño, mvua zikapiga Afrika Mashariki hadi mwanzoni mwa 1998, na maji ya ziwa yakapanda zaidi ya mita moja. Mawingu yalitanda kwa miezi. Kisha magugu yakaanza kuzama.

Sasa unaona ugumu. Sababu mbili zinazowezekana ziliingia karibu wakati mmoja, na kila upande ukahesabu ushindi ni wake. Kwamba kitu B kimekuja baada ya kitu A hakuthibitishi kwamba A ndiye mzazi. Jogoo awike asiwike, kutakucha. Dawa ya kawaida ya ugonjwa huu ni ulinganisho. Ungechukua maziwa mawili pacha, moja ukaliwekea fukusi na jingine ukaliacha, mvua inyeshe kote sawa, uone. Hatuna Ziwa Victoria la pili. Na mwaka 1998 haurudiwi.

Mwaka 2005 Adrian Williams, Hamish Duthie na Robert Hecky walichapisha hoja iliyoupa uzito upande wa hali ya hewa: mawingu mazito yalipunguza mwanga, ukuaji ukashuka, maji yaliyopanda na mawimbi yakavunja mazulia ya magugu. Mwaka 2007 John Wilson na wenzake wengi walijibu kwamba kazi ilikuwa ya fukusi. Williams na wenzake wakajibu jibu. Ni mjadala wa heshima, lakini hauna upole. Mtu wa kawaida akiuona anaweza kusema, “Kama wao wenyewe hawaelewani, sisi tuamini nini?” Mimi nauona tofauti. Angalia wanachobishania: hawabishani nani ana shahada kubwa, wanabishania nini kingeonekana ziwani kama upande mmoja ungekuwa sahihi.

Hiyo ndiyo shughuli yenyewe ya nadharia tete. Ni dai linalojiweka mahali pa kupigwa. “Mvua iliyaua magugu” ni maneno tu mpaka uyabane: kama ni mvua, basi nini kingine lazima kiwe kweli?

Kama ni mvua na mawingu, basi maji mengine ya ukanda huu yaliyopigwa na El Niño ile ile, lakini yasiyo na fukusi, yangepaswa kupoteza magugu yake pia. Kama ni fukusi, basi magugu yangepaswa kudhoofika mapema zaidi pale walipoachiwa mapema zaidi, na upande wa Uganda kweli ulitangulia kufunguka kuliko ghuba ya Winam kule Kenya. Kama ni fukusi, basi vilevile wangepaswa kuwa wameshafanya hivyo mahali ambako mvua hiyo haikufika. Na wamefanya. Huko Papua New Guinea walipunguza magugu ya mto Sepik katika miaka ya 1990, na kule El Niño huleta ukame, mvua hakuna. Hapo mvua haina jinsi ya kudai sifa.

Halafu kuna mwili wa marehemu. Mmea uliokosa mwanga hudumaa, unapauka, majani yanakuwa machache. Kudumaa si kuzama. Mmea ulioliwa na fukusi una alama zake, na hapa ndipo kile kikonyo tulichokipasua mwanzoni kinapotoa ushahidi. Ndani yake kuna nyama laini kama sponji, imejaa hewa. Ndiyo boya la mmea. Funza akichimba humo, maji na vimelea vya kuozesha huingia kwenye njia yake, sponji inalowa, boya linakufa. Zulia zima linaanza kukaa chini kidogo kuliko zamani. Bado linaelea, lakini kama mtumbwi uliojaa maji.

Ongeza wimbi sasa.

Mimi naegemea upande wa fukusi kwa sababu ya kikonyo hicho, na pia kwa sababu jua lilirudi. Mawingu ya El Niño yaliondoka mwaka 1998. Rutuba haikuondoka, ilikuwa palepale ndani ya maji. Kama mwanga ndio ulikuwa kikwazo, magugu yangerejea kwenye kilele mara baada ya mbingu kufunguka, maana tumeshaona kasi yake. Miaka kadhaa ikapita bila kilele hicho. Lakini siwezi kusema mvua ilikuwa mtazamaji. Zulia lililolowa linahitaji mtu wa kulisukuma, na maji yaliyopanda pamoja na mawimbi ya 1998 yalisukuma. Ukisema “ni vyote viwili” bila kueleza vinavyoshikana, umekwepa swali. Ukisema fukusi alitoboa boya na wimbi likamalizia, umesema jambo linaloweza kupimwa.

Linapimwaje? Shule yoyote ya kando ya ziwa inaweza kujaribu kwa mabeseni manne. Weka magugu ya ukubwa sawa, idadi sawa, maji kutoka ziwani. Mawili yaweke juani, mawili yafunike kwa chandarua kizito kinachokata mwanga. Katika kila jozi, beseni moja litie fukusi na jingine usitie, na yote yafunge kwa neti wasihamehame. Kila wiki hesabu majani mapya, pima urefu wa vikonyo, andika hata siku ambayo hakuna kilichobadilika. Beseni lenye jua bila fukusi ndilo la kulinganishia mengine yote. Bila hilo una hadithi tu. Beseni lenye kivuli na fukusi pamoja ndilo la kulikodolea macho, kwa sababu madhara ya pamoja yanaweza kuwa makubwa kuliko ukiyajumlisha ya moja moja. Na usitumie mabeseni manne peke yake kama una uwezo wa kuweka kumi na mawili, maana mmea mmoja unaweza kufa kwa sababu zake.

Beseni litakwambia mengi, ila halina mawimbi, halina mto Kagera, halina kiboko wala nyasi. Picha za setilaiti zinaona ghuba nzima lakini hazioni funza. Mtu wa kwenye mtumbwi anaona funza ila anaona mita hamsini tu za ziwa. Kila njia ina upofu wake, na ushahidi hupata nguvu pale vipofu watatu wenye upofu tofauti wanapogusa kitu kimoja.

Upande wangu nao una deni. Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2006, magugu yalirudi kwa wingi kwenye ghuba ya Winam, na Kisumu imeendelea kuyaona mara kwa mara tangu hapo. Fukusi walikuwa wapi? Jibu linalonishawishi ni hili: mlaji humfuata mliwa kwa kuchelewa. Magugu yalipozama, fukusi walizama nayo, maana hawana chakula kingine. Ile tabia ya kutokula migomba inawagharimu hapa. Mbegu za gugu maji zinaweza kulala kwenye tope hadi miaka 20. Mafuriko yakiosha rutuba mpya ghubani na mbegu zikaamka, mmea unaongezeka kwa wiki na fukusi kwa miezi. Kati ya mmoja kukimbia na mwingine kumfikia kuna dirisha, na ndani ya dirisha hilo mitumbwi inakwama.

Yaliyozama nayo hayakupotea. Zulia likioza chini hutumia oksijeni ya maji na kurudisha naitrojeni na fosforasi ileile kwenye ziwa. Mashine ya kukatakata ilifanya hivyo kwa haraka zaidi: iliyasaga magugu na kuyaacha humohumo. Kwenye ghuba ya Winam, nyasi za kiboko ziliota juu ya mazulia yaliyokuwa yanadhoofika na kushika nafasi kwa muda. Kuua mmea na kuondoa kilichoulisha ni kazi mbili, na hii ya pili iko mashambani, kwenye mitaro ya miji, na kwenye moshi wa mapori ya Agosti.

Kwa hiyo ukirudi mwaloni, hesabu. Chagua mimea kumi bila kubagua, usichukue ile iliyochakaa tu kwa kuwa ndiyo inayovutia jicho. Kwenye kila mmea chukua jani la pili kutoka changa na uhesabu vidoa. Pasua vikonyo viwili. Vikiwa vinene, vyeupe ndani, na vidoa ni vya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, fukusi bado hawajafika au hawajatosha, na upepo ukigeukia upande wako wiki ijayo utafute njia nyingine ya kupitisha mtumbwi.